Gari la kupe Geita na Kahama: kulinunua rahisi, kulitoa kazi

BEI ya dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia Machi 2025, na ilipofika Oktoba mwaka huo huo ikavuka dola 4,000. Kwa mikoa ya Geita na Shinyanga habari hiyo haikuishia kwenye masoko ya madini. Wauza saruji na nondo, wenye nyumba za wageni, wauza dizeli machimboni na madalali wa viwanja, kila mmoja alipata chake. Madalali wa magari nao hawakulala.

Bidhaa wanayomnadia mfanyabiashara aliyepata ni ngeni kidogo kwa ukanda huu. Zamani aliyepata dhahabu alinunua Land Rover 109, baadaye Toyota Land Cruiser "Hardtop", au Fuso la kubebea mpunga na mbao. Sasa anaonyeshwa kwenye simu picha ya gari la kifahari la milango miwili, injini ya silinda 8, viti vya ngozi, lililotumika Japan, kwa bei ya mnadani ambayo haipishani mno na ya gari dogo la familia. Jina la aina hiyo ya gari, lenye asili ya Kifaransa, likitamkwa Kiswahili huwa "kupe". Katika nchi ya wafugaji, ambako kila mzee anajua kazi ya josho, jina hilo peke yake lilistahili kumfanya mnunuzi asite.

Uzuri wa gari hilo hauna ubishi. Toyota Soarer ya 4,300 cc, Mercedes-Benz CL 500, BMW 650i na hata Nissan Skyline ya milango miwili ni magari yaliyotengenezwa na watu wanaoijua kazi yao. Barabara ya lami ya Shinyanga hadi Kahama ikiwa tupu asubuhi, hakuna gari dogo litakalompa dereva raha ya namna hiyo. Tatizo liko kwingine. Mfanyabiashara wa ukanda wa dhahabu anaishi kwa fedha inayozunguka, na gari hili likishaingia uani kwake linaacha kuwa fedha. Anayelinunua la kutembelea kila siku, kutoka nyumbani kwenda dukani na kutoka dukani kwenda machimboni, huangalia bei ya kununua, ambayo ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu nzima.

Mjapani anauza kwa sababu

Anayejiuliza kwa nini gari lililouzwa jipya kwa bei ya nyumba linatupwa mnadani kwa bei ya pikipiki chache, jibu lake liko Japan kwenyewe. Huko mwenye gari hulipa kodi kila mwaka kwa kufuata ukubwa wa injini. Kwa magari yaliyosajiliwa kabla ya Oktoba 2019, lenye injini ya zaidi ya 1,000 hadi 1,500 cc hulipiwa yen 34,500 kwa mwaka. Lenye zaidi ya 4,000 hadi 4,500 cc hulipiwa yen 76,500, na kuanzia hapo hadi 6,000 cc ni yen 88,000. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi hiyo huongezwa kwa takriban asilimia 15. Juu yake kuna ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na gari la zamani lenye mambo mengi ya umeme halipiti ukaguzi huo bila mwenyewe kutoa fedha.

Kwa hiyo Mjapani anapiga hesabu, anaona kukaa na gari hilo kunamgharimu kuliko linavyomfaa, anauza. Wenzake nao wanauza. Wanunuzi ni wachache, bei inaporomoka. Yen nayo ilisaidia kuvuta wateja wa nje: Julai 2024 ilishuka hadi zaidi ya 160 kwa dola moja, hali ambayo haikuwa imeonekana tangu 1986. Shilingi yetu haikuwa na nguvu wakati huo, kwani katikati ya mwaka huo dola ilikuwa imevuka shilingi 2,600, lakini hata hivyo bei za minada ya Japan zilionekana za kuvutia kwa mtu wa Kahama.

Kinachosahaulika ni kwamba bei hiyo ya chini imebeba ujumbe. Watu wanaolifahamu gari hilo kuliko mtu mwingine yeyote, wenye mafundi wa kampuni na spea mlango wa pili, wameona halifai kukaa nalo. Mnunuzi wa Katoro analipokea gari pamoja na sababu iliyomfanya Mjapani aliache.

Wapo watakaosema Tanzania ni tofauti, kwa kuwa ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18. Ni kweli ilifutwa. Ada ya usajili wa mara ya kwanza ikapandishwa, ambapo gari la zaidi ya 2,500 cc lilipangiwa shilingi 300,000, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Wenye injini kubwa walishangilia bila kuangalia vizuri. Walichokuwa wakilipa mara moja kwa mwaka kilihamishiwa kwenye pampu, na kwenye pampu hakuna mteja mkubwa kuliko wao.

Hesabu ya bandarini

Watu wengi huamini kwamba kinacholiua gari la namna hii bandarini ni ukubwa wa injini. Hesabu inaonyesha vingine.

Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, gari la kutembelea hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 endapo injini inazidi 2,000 cc, na asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya 1,000 hadi 2,000 cc. Gari lililopita miaka 10 tangu litengenezwe huongezewa ushuru mwingine wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu. Mwisho inakuja VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo, pamoja na tozo ya reli na ada ya forodha ambazo ni ndogo.

Gari likikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi milioni 20 pamoja na bima na nauli ya meli, forodha ni milioni 5. Ushuru wa bidhaa wa injini ni milioni 2.5, na ule wa uchakavu milioni 7.5. VAT inakuwa milioni 6.3. Jumla ni shilingi milioni 21.3 kabla ya tozo ndogo, yaani mnunuzi analinunua gari mara mbili. Gari la 1,300 cc lenye umri na thamani sawa na hilo lingelipiwa takriban milioni 19.8. Tofauti iliyoletwa na injini haifiki hata milioni moja na nusu. Uchakavu, ukiuhesabu pamoja na VAT yake, umekula karibu milioni 9.

Kupe wanaopatikana kwa bei za kutupa wote wamepita miaka 10. Soarer ya 4,300 cc ilitengenezwa kati ya 2001 na 2005, baadaye ikaendelea kwa jina la Lexus SC 430 hadi 2010. CL 500 ile inayoonekana sana kwenye minada ni ya 1999 hadi 2006. BMW 650i ya mkupuo huo ilikoma 2010. Hakuna hata moja linaloweza kukwepa asilimia 30.

Aidha, TRA hutumia mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika. Aliyebahatika kulipata gari kwa bei ya kutupa asitegemee bahati hiyo imfuate hadi bandarini. Viwango vyenyewe hupitiwa kila Juni bungeni Dodoma, na mtu makini huuliza TRA kabla ya kutuma fedha Japan, wala hangoji meli itie nanga.

Pampu haina urafiki

Mfanyabiashara wa Kahama mwenye shughuli Shinyanga, Isaka na Kakola anaweza kutembea kilometa 100 kwa siku bila kuona kama amesafiri. Kwa siku 300 za kazi hizo ni kilometa 30,000 kwa mwaka.

Injini ya zaidi ya 4,000 cc yenye umri wa miaka 20, katika mchanganyiko wa lami, mji na vumbi, ikitoa kilometa 6 kwa lita mwenyewe ashukuru. Itakunywa lita 5,000. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi milioni 15. Gari la 1,300 cc linalotoa kilometa 14 kwa lita litatumia takriban lita 2,140, sawa na milioni 6.4. Tofauti ni zaidi ya milioni 8.5 kwa mwaka, au shilingi 700,000 na ushei kila mwezi. Katika miaka miwili na nusu tofauti hiyo peke yake inafikia kodi yote iliyolipwa bandarini.

Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hupanda na kushuka, na mikoa iliyo mbali na bandari huongezewa gharama ya usafirishaji. Mtu wa Geita hawezi kujipangia kwa bei ya Dar es Salaam. Tena injini hizi za kifahari zilitengenezwa kwa petroli safi ya kiwango cha juu. Kila anayekumbuka enzi za uchakachuaji, kabla na hata baada ya vinasaba kuanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010, anajua kuwa petroli ya kwenye madumu huko machimboni si ya kumpa mgeni wa namna hiyo.

Vumbi, mawe na mafundi

Barabara kuu za ukanda huu siku hizi si za kulalamikiwa sana. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na mtu wa Geita sasa anafika Mwanza bila kungoja kivuko. Kwa mwenye gari la chini hiyo ilikuwa nafuu ya pekee, maana kupanda na kushuka kivukoni kulikwangua bampa na bomba la moshi la kila gari lililokaa karibu na ardhi.

Lakini biashara haipo kwenye lami. Ipo Nyarugusu, Rwamgasa, Nyakagwe na Kakola, ambako malori ya mawe yanachimba mifereji barabarani, na pembeni ya kila karasha pametapakaa kokoto zenye ncha. Tairi nyembamba ya rimu ya inchi 18 ikikutana na kokoto hizo hakuna kuziba pancha, linatafutwa tairi jipya, na saizi hiyo haipo kila duka. Mvua za Machi na Aprili zikianza, gari linabaki uani na mwenyewe anapanda bodaboda.

Kuhusu mafundi, magari haya hayafanani, na hapa ndipo mnunuzi anapoweza kuokoka au kuangamia. CL 500 ina injini nzuri na ngumu, ambayo hata hivyo huingia lita 8 za oili na plagi 16, mbili kwa kila silinda. Taabu yake iko chini: badala ya springi na shokapu za kawaida peke yake, inainuliwa na mfumo wa mafuta yenye msukumo mkubwa. Pampu au mabomba ya mfumo huo yakianza kuvuja, gari hulala kama ng'ombe aliyechoka, na fundi wa kulisimamisha hatapatikana Ushirombo. BMW 650i inajulikana kwa mambo mawili, kuvuja bomba la maji lililofichwa katikati ya injini, ambalo kulifikia kwa utaratibu wa kiwandani ni kufungua sehemu ya mbele ya injini, na sili za valvu zinazochoka zikaliacha gari likitoa moshi wa buluu kila likisimama kwenye foleni. Nchini Ujerumani ni kazi za kawaida. Kahama ni kazi ya miezi miwili na tiketi ya Dar es Salaam.

Soarer ndiyo yenye afadhali. Injini yake ni ya ukoo mmoja na ile ya petroli ya Land Cruiser VX V8 ya 4,700 cc, hivyo fundi aliyezoea VX hataishangaa. Akumbuke tu kuwa inatumia mkanda wa taimingi, na kwamba mkanda usio na historia unabadilishwa siku ile ile gari linapotoka bandarini, muuzaji aseme analosema. Mkosi wake ni paa: ni la bati, linajikunja kwa umeme na kuingia kwenye buti. Vumbi jekundu la Geita na mota ndogo ndogo za paa hilo havijawahi kupatana, na paa likigoma likiwa wazi, mwenyewe huanza kuyaangalia mawingu kwa jicho jingine.

Spea za Toyota za kawaida hupatikana Kahama na Mwanza. Za magari mengine yaliyotajwa hutafutwa Kariakoo na Ilala, zikikosekana huagizwa Dubai, na gari hungoja.

Fedha isiyorudi

Yote hayo, kodi, petroli na spea, mtu mwenye faida anaweza kuyavumilia. Lenye hatari zaidi kwa mtaji ni siku atakapohitaji fedha yake irudi.

Biashara ya ukanda huu haitoi taarifa mapema. Duara linajaa maji na pampu inatakiwa leo. Kompresa inakufa na vijana wako chini wanataka posho. Mwenye leseni anatangaza kwamba mwenye kutaka kuendelea na mgao alete mchango wake wa magogo na dizeli kabla ya Ijumaa. Au yanatokea mazuri: mpunga umeshuka bei Juni, mwenye fedha mkononi ananunua, anaweka ghalani na kuuza Desemba au Januari. Asiye nayo anatazama.

Kwa sababu hiyo watu wa mikoa hii tangu zamani wameweka mali kwenye vitu vinavyogeuka fedha upesi. Ng'ombe anapelekwa mnadani Mhunze asubuhi na jioni mwenyewe anahesabu noti. Dhahabu, tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 na mengine kufuata, inapimwa hadharani, inakatwa mrabaha na ada ya ukaguzi, na muuzaji anaondoka na malipo yake. Vipande vya mifuko ya UTT AMIS, ambavyo watu wengi wa huku bado wanavidharau, hurudi kuwa fedha ndani ya siku chache za kazi.

Hata magari yapo yaliyo kama ng'ombe. Toyota IST, Noah, Probox na Hardtop yakitangazwa Kahama asubuhi, dalali anaweza kuwa na mteja kabla ya jua kuzama. Bei inaweza kuwa ya kuumiza kidogo, lakini fedha ipo.

Kupe hana soko hilo. Mwenye uwezo wa kulipa petroli ya silinda 8 anataka Land Cruiser au Prado, gari linalomfikisha machimboni na kumrudisha. Asiye na uwezo huo analipenda gari, anapiga nalo picha, anaondoka. Katikati yao hakuna mtu. Mteja wa kweli yuko Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, na huko anakutana na mengine matano ya aina hiyo hiyo yaliyoletwa na watu walioshindwa kabla. Miezi inapita. Dalali aliyekuwa akimwita mwenye gari "bosi" siku ya kununua, sasa anamwita "ndugu yangu", na kila akipiga simu ni kueleza mteja amepunguza kiasi gani.

Mfanyabiashara aliyetia milioni 40 ndani ya gari hilo hana milioni 40. Ana kitu ambacho kwa haraka ya siku tatu huenda kikampa milioni 20, na pengine kisimpe chochote. Wakati huo huo duara linajaa maji.

Hoja ya heshima

Wanaotetea ununuzi huu wana hoja moja ambayo haifai kubezwa. Biashara ya dhahabu na mazao huendeshwa kwa kuaminiana. Mzigo hutolewa kwa mali kauli, na mnunuzi anayefika amevaa vumbi juu ya bodaboda hapewi kilo kumi za uaminifu. Gari ni kitambulisho. Hilo linajulikana kutoka Geita hadi Shinyanga, na anayelikataa hajawahi kuomba mzigo.

Lakini kitambulisho husomwa na wanaokijua. Mwenye duara mzoefu hatazami milango ya gari, anatazama kama mwenye gari anafika shimoni mvua ikinyesha. Mwenye ghala la mpunga anatazama kama gari linaweza kubeba magunia mawili ya sampuli. Gari ambalo mwenyewe analiegesha barabara kuu na kutembea kwa miguu hadi kwenye mialo linawaambia watu hao kwamba fedha imeingia, na pia kwamba imekwisha kutumika. Wanaoshawishika zaidi na kupe ni wale ambao hawana mzigo wa kumpa: vijana wa kijiweni, wenye baa na ndugu wa mbali wenye shida.

Lipo jingine ambalo mtu wa mjini anaweza asilione. Usukumani gari la mfanyabiashara si lake peke yake. Usiku wa manane jirani mjamzito atagonga dirisha. Mzee wa ukoo atahitaji kupelekwa hospitali ya rufaa Bugando. Ukitokea msiba Mwabomba watu wanne watatakiwa kufika na sufuria zao. Kwenye gari la milango miwili mzee haingii kiti cha nyuma, na akiingia hatoki. Aliyenunua gari la heshima akashindwa kumpeleka mama wa watu hospitali atakuwa amejipunguzia heshima kwa fedha yake mwenyewe. Mwenye Noah iliyochakaa atamshinda siku hiyo mbele ya kijiji kizima.

Nani anunue

Wapo ambao gari hili linawafaa. Mwenye nyumba za kupangisha Mwanza, anayepita daraja mara moja kwa wiki kwenda Geita mjini na kurudi kwa lami tupu, tena ana pikapu kwa ajili ya kazi, hana sababu ya kujinyima. Mstaafu wa mgodi mkubwa aliyemaliza kujenga, anayetaka raha yake ya Jumapili, anunue kwa amani. Wote wawili fedha hiyo hawatahitaji irudi.

Kwa mtu wa namna hiyo ushauri ni mfupi. Achague Toyota kwanza. Asinunue kwa picha, amlipe fundi asiyefahamiana na dalali akague gari likiwa baridi asubuhi, kabla halijawashwa. Aweke pembeni robo ya bei yote, kodi ikiwemo, kwa ajili ya mwaka wa kwanza, wala asiiguse kwa kazi nyingine. Akate bima kubwa, kwani ile ndogo humlipa aliyegongwa na kumwacha yeye na kioo cha mbele ambacho hakuna duka linacho.

Mwenye mtaji wa dukani au wa duara asubiri. Akisumbuliwa sana na moyo, akodishe moja Mwanza kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, apige picha, alirudishe Jumatatu.

Aliyekwisha nunua na ameanza kuona uzito aache kulipaka rangi na kuliongezea redio akitumaini bei itapanda. Haitapanda, kwa sababu kila Januari gari linaongeza mwaka. Ahakikishe kadi ya gari iko kwa jina lake, akusanye risiti za matengenezo na funguo zote mbili, alipeleke Mwanza au Dar es Salaam badala ya kulisimamisha Kahama, na ataje bei kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zilikataza bidhaa za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Bei ya kwanza atakayotajiwa itamuudhi. Kama ni Mei na mpunga unakaribia kuanikwa, aifikirie mara mbili kabla ya kuikataa.